Kuchaji gari haraka nyumbani Nairobi: fundi huanza na waya

"Fundi, mimi nataka chaja ile ya nusu saa. Ile ya mall."

Aliyenipigia ni mzee mmoja wa mtaa wa Fedha. Gari lake la umeme lilikuwa limefika kutoka Mombasa wiki hiyohiyo, viti bado vimefunikwa plastiki. Nikamuuliza swali moja tu: hapo kwako mtu akifungulia shawa ya stima, taa za sebuleni hufanya nini? Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Zinafifia, fundi."

Basi tukaanzia hapo. Mimi ni fundi wa stima, mwanamke, huu ni mwaka wangu wa 14, na leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, natembea nayo mkobani kila siku kwa sababu nikifika getini bado kuna wanaoniuliza fundi mwenyewe anakuja saa ngapi. Miaka ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa kufunga chaja za magari majumbani, na mimi mwenyewe naendesha Nissan Leaf ya 2018. Nitaeleza ninavyofanya nikiitwa, na pale nilipojichoma mwenyewe sitaficha.

Shawa inayowaka usiku kucha

Shawa ya stima ya kilowati 5.5, ambayo nusu ya Nairobi wanaoga nayo, huvuta karibu ampea 23 kwa volti zetu 240. Mtu huoga dakika kumi, akijisahau ishirini, halafu waya unapumzika. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 huvuta karibu ampea 30, inaandikwa 32, na hiyo haitoki bafuni. Huvuta hivyo saa nne, tano, sita mfululizo. Waya ambao umestahimili shawa miaka kumi bila kulalamika unaweza kulainika ganda kwa wiki moja ya gari, kwa kuwa haupewi nafasi ya kupoa. Ukielewa hilo, mengine yote nitakayoyasema utayabuni mwenyewe.

Ile ya mall ni mnyama mwingine. Stima ya nyumbani ni ya kwenda na kurudi, AC, lakini betri hula ya upande mmoja, DC. Kwa hiyo ndani ya gari kuna kifaa kinachogeuza, na hicho ndicho chaja halisi. Kile kisanduku cha ukutani tunachokiita chaja ni swichi yenye akili: kinaliambia gari "hapa unaruhusiwa kuvuta ampea hizi," kinakagua kama kila kitu kiko salama, kisha kinafungulia. Mashine ya mall, ile yenye ukubwa wa friji, hugeuza stima humo ndani yake na kuisukuma moja kwa moja kwenye betri, kilowati 50 na kuendelea.

Unaweza kuiweka nyumbani? Piga hesabu nami. Kilowati 50 kwa fezi tatu (nyaya tatu za moto badala ya moja) za volti 415 ni karibu ampea 70 kwa kila fezi, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Transfoma ya mtaani ya kVA 100 hutoa takriban ampea 139 kwa kila fezi, na hizo ni za nyumba zote zinazoitegemea, na kinyozi, na posho mill, na kanisa lenye spika. Gari lako moja lichukue nusu. Hata kama pesa unazo, majirani watakujua kwa jina. Nilimwambia mzee wa Fedha hivyo na hakufurahi, maana aliyemuuzia gari alimwambia ni jambo la kununua kisanduku na kukichomeka.

Kwa hivyo "haraka" ya nyumbani maana yake ni kilowati 7, na kwa wachache wenye fezi tatu 11 au 22. Hiyo ni haraka ukilinganisha na soketi ya jikoni, si ukilinganisha na mall.

Tundu jembamba ndilo linaloamua

Mkazi wa Nairobi hahitaji kufundishwa habari za mgao wa maji. Tanki lako linaweza kuwa la lita elfu tano na bomba la kampuni likawa nene kama mguu, lakini kama mpira wako ni wa nusu inchi, tanki litajaa kwa kasi ya nusu inchi. Gari ni vilevile. Kuna stima inayoingia nyumbani, kuna waya na kisanduku cha ukutani, na kuna chaja iliyo ndani ya gari. Kasi yako ni ya kile kilicho kidogo kuliko vyote.

Mimi, fundi mzima, nilisahau hicho cha tatu. Nilipoleta Leaf yangu nilifanya kazi ya kujivunia: kebo ya milimita 10 (za mraba, unene wa shaba; sisi mafundi husema milimita tu), kisanduku cha kilowati 7, bomba la waya limenyooka kama rula. Jioni nikawaita mume wangu na watoto waje waone. Nikachomeka. Nikashika klampu mita, nikaizungushia waya wa moto, nikasoma ampea 13 na kitu. Nikazima nikawasha. Kumi na tatu na kitu. Nikadhani kisanduku kibovu, nikampigia aliyeniuzia, nikamfokea. Kumbe Leaf nyingi zilizouzwa Japani hutoka kiwandani na chaja ya ndani ya kilowati 3. Ile ya 6 mnunuzi wa huko aliilipia zaidi alipoagiza. Yangu mwenyewe wa kwanza hakuilipia. Nilimpigia yule muuzaji kesho yake kuomba radhi. Kisanduku changu cha kilowati 7 kipo ukutani hadi leo, kinasubiri gari lijalo.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jua gari lako linapokea kilowati ngapi kwa AC. Usikubali jibu la "linachaji fast." Mwambie anayekuuzia alichomeke mahali penye chaja ya kilowati 7 na mwangalie kipimo pamoja kwenye dashibodi au kwenye kisanduku. Na likiwa ni la 3, usihuzunike, utaona mbele kwamba huenda linakutosha.

Ukiwa hapo, angalia pia tundu la kuchajia. Leaf za Japani zina tundu la Type 1 kwa nyumbani na CHAdeMO kwa mashine kubwa. Magari yaliyotengenezewa Ulaya, na mengi ya Kichina yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, huja na Type 2 na CCS2. Yale yaliyotengenezewa soko la China lenyewe yana tundu lao, GB/T, na haya yamekuwa mengi mjini. Yanafanana kwa mbali, hayaingiliani. Nimewahi kufika kwa mteja Kilimani amenunua kisanduku chenye waya wa Type 2 na gari lake ni GB/T. Nilifunga, nikamwachia, akaenda kutafuta adapta. Afadhali kisanduku chenye soketi wazi unachobadilishia waya kuliko chenye waya uliofungwa humo humo.

Unatembea kilomita ngapi?

Swali hili huwaudhi wateja. Mtu amelipa mamilioni, unamuuliza anaenda wapi. Lakini ndilo linaloamua.

Tuseme unatoka Ruiru kwenda Upper Hill na kurudi, na kupitia shuleni, kilomita 60. Gari dogo kama Leaf hula takriban uniti 15 (uniti ni kilowati moja kwa saa moja) kwa kilomita 100 kwenye mwendo wetu wa foleni na matuta, kwa hiyo siku yako ni uniti 9. Ongeza zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji, mita itahesabu kama 10. Sasa angalia:

Kwa soketi ya kawaida ya pini tatu, ukivuta ampea 10, unapata kilowati 2.3 au 2.4. Uniti 10 ni saa nne na robo. Ukichomeka saa nne usiku, saa tisa limeshamaliza na wewe bado unakoroma.

Kwa kilowati 3 kama yangu ni saa tatu na nusu. Kwa 7 ni saa moja na nusu.

Yaani mtu wa kilomita 60 kwa siku anayelala kwa muda wa saa saba hahitaji kilowati 7. Anayehitaji ni wa teksi anayerudi saa nane usiku na kutoka saa kumi na mbili, au nyumba yenye magari mawili, au mwenye betri kubwa ya uniti 60 anayesafiri ghafla. Betri ya uniti 40 iliyobaki na asilimia 20, ukitaka kuijaza kabisa, itakunywa uniti 34 au 35 kwenye mita: saa 15 kwa soketi, saa tano na kitu kwa kilowati 6.6. Hapo tofauti inauma. Jiulize tu hali hiyo hukupata mara ngapi kwa mwezi. Ikiwa ni mara mbili, nenda mall, chaji huku unanunua unga.

Na kama gari ni Leaf kama yangu, mall isiwe mazoea. Betri yake haina maji ya kuipoza, hupozwa na hewa tu. Ukienda Nakuru na kurudi ukitumia mashine kubwa mara ya kwanza, inakwenda vizuri. Ya pili siku hiyohiyo geji ya joto inapanda na gari lenyewe linajipunguzia kasi ya kuchaji. Usiku wa nyumbani, polepole, ndio inaoupenda.

Soketi nayo ina masharti yake. Nitakusimulia ya South B.

Mama mmoja, ghorofa ya tatu, alikuwa akichaji kwa ekstensheni iliyotoka dirisha la jikoni hadi parking. Ekstensheni ni ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu, mita 50, na yeye alikuwa amefungua mita 15 tu. Nyingine zimebaki zimejizungusha. Aliniita kwa sababu ya harufu. Alidhani jirani anapika omena kila usiku. Nilipoingia nikaijua harufu ile, plastiki ya stima ikiungua hunuka kama samaki. Gurudumu lilikuwa limeshikana, waya juu ya waya, kama chapati zilizoachwa kwenye sufuria zikiwa moto. Soketi ya jikoni nilipoifungua, upande wa waya wa moto ulikuwa wa kahawia kama chai ya rangi, na skrubu ilizunguka kwa kidole, haikuhitaji bisibisi. Waya uliojizungusha hauna pa kutolea joto, na skrubu iliyolegea hugeuka jiko.

Ukitaka kutumia soketi, iwe moja, imefungwa waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, waya wa milimita 4, soketi nzito isiyo ya bei ya kutupa, bila ekstensheni. Vuta ampea 10 au chini. Baada ya saa moja weka mgongo wa mkono juu ya plagi: vuguvugu ni sawa, ukiuondoa mkono haraka zima.

Nikifika kwako

Kwanza nafungua kisanduku cha breka na kusoma swichi kuu. Nyumba nyingi za fezi moja ninazofungua zina 60 au 63. Hapo naandika kwenye karatasi mbele ya mwenye nyumba: shawa 23, chaja 32. Hiyo ni 55. Birika la kilowati 2.2 ni ampea 9, tumefika 64. Na pasi hatujaitaja. Mtu akioga huku mwingine anachemsha chai na gari linakunywa, swichi kuu inaruka, au mbaya zaidi hairuki, na kinachochoka ni fyuzi ya Kenya Power iliyo kabla ya mita. Fyuzi hiyo ina sili, usiiguse, na mimi pia siigusi.

Dawa ni mbili. Visanduku karibu vyote vya kisasa vinaweza kupunguzwa: 10, 16, 20, 25. Wateja wangu wengi wa fezi moja nawaachia kwenye 20 au 25 na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Ya pili ni kisanduku kinachokuja na kihisio, kipete kidogo unachokivalisha waya mkubwa unaotoka kwenye mita. Kinaona nyumba inavuta kiasi gani na kupunguza gari pale shawa inapofunguliwa, kisha kinarudisha. Hicho ndicho nilichomfungia mzee wa Fedha.

Nyumba ya fezi tatu, za Karen au Runda au zile zenye pampu ya kisima, ina nafasi zaidi. Lakini usiombe fezi tatu kwa ajili ya gari lisilopokea fezi tatu. Litatumia moja, zile mbili ziangalie. Faida utakayopata ni kuweka shawa kwenye fezi yake na gari kwenye yake, na si haba.

Kisha natembea na tepu kutoka kisandukuni hadi gari linapolala. Umbali huu ndio hupandisha bei kuliko kisanduku chenyewe. Kwa ampea 32, hadi mita 20 au 25 natumia shaba ya milimita 6. Kupita hapo naweka 10, kwa sababu stima inachoka njiani: milimita 6 kwa mita 25 hupoteza karibu volti 6, na mitaa mingine jioni volti zenyewe zinafika kwako 215. Kebo ikipita chini ya udongo iwe iliyovikwa waya za chuma, nusu mita kwenda chini, utepe wa onyo juu yake. Jembe la shamba boi halijui kusoma.

Halafu nakuja kwenye breka. Kebo ya gari inapata breka yake, 40 kwa chaja ya 32, na ulinzi wa mvujo, swichi inayokata stima ikivuja, ile yenye kitufe cha kujaribia. Hapa soma vizuri. Zile za bei rahisi zimechorwa wimbi moja tu kwenye uso wake. Hiyo ni aina ya AC, na gari linaweza kuvujisha DC kidogo inayoipumbaza, ikawa ipo lakini imelala, siku ya hatari isiruke. Unahitaji aina ya A, iliyochorwa wimbi na chini yake vilima vidogo, pamoja na kisanduku chenye ulinzi wa DC wa miliampea 6 ndani yake. Kama kisanduku hakina, basi aina ya B, ambayo ni ghali mara kadhaa. Soma kijitabu cha kisanduku kabla ya kulipa, usimwachie fundi akuambie "zote ni sawa." Si sawa.

Na ardhi, yaani ethi. Nyumba nyingi zina nondo ya shaba iliyopigwa miaka ya nyuma, udongo umekauka, kibano kimeota kijani. Napima. Mimi natafuta chini ya ohm 10. Nikikuta 60 naongeza nondo ya pili mpaka namba ishuke. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira na bodi ni ya chuma, na mtoto atalishika akiwa peku kwenye simiti yenye maji. Kipimo hiki hakina mjadala, na fundi asiye na mashine ya kukipimia usimpe kazi hii. Mwombe na leseni yake ya EPRA uisome, uone daraja lake linamruhusu kazi ya ukubwa huo, na mwisho akuandikie cheti cha kazi.

Kifaa cha kuzuia mshtuko wa volti weka pia. Tunajua stima ikipotea inavyorudi, huja kama imekasirika. Kisanduku cha chaja kina bodi ya elektroniki kama televisheni, na televisheni ngapi zimekufa.

Nje nafunga kwa urefu wa kifua, waya unaingia kwa chini, kamwe si kwa juu, ili mvua ya Aprili isiufuate mpaka ndani.

Wa ploti

Wengi wetu tunakaa kwenye ghorofa za kukodi, na mita zote ziko kwenye kabati la chini karibu na ngazi. Hii kwa kweli ni bahati: parking iko karibu na mita yako kuliko jiko lako lilivyo. Kebo hutoka baada ya mita yako, inapata kisanduku chake cha breka humohumo kabatini, inapita ukutani kwenye bomba la chuma hadi nafasi yako. Tokeni ni zako, hakuna jirani wa kukusema.

Lakini anza na mwenye nyumba, na usimtumie msimamizi wa ploti akuombee. Nenda mwenyewe, na mchoro, hata wa kalamu. Mwambie kebo itapita wapi, mita itakuwa ipi, na kwamba ukihama unaacha bomba na waya na unachukua kisanduku tu. Nimeona wakikubali kwa hilo la mwisho. Kinachowatisha ni waya unaoning'inia dirishani kama wa South B, na kuwaza kwamba stima ya taa za ngazi ndiyo itakayolisha gari. Mkubaliane kwa maandishi, kwa maana mwenye nyumba akiuza ploti makubaliano ya mdomo huondoka naye.

Kama magari ni matatu au manne kwenye ploti moja, acheni kila mtu kufunga yake. Ombeni mita ya pekee ya kuchajia. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalum ya magari ya umeme, na ilipotangazwa ilikuwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwa saa zisizo na msongamano, kabla ya gharama ya mafuta, ushuru na makato mengine. Inataka mita yake yenyewe, haiwezi kuchanganywa na ya taa na jiko.

Kwa nyumba ya mita moja ya kawaida, jihadhari na daraja. Bei ya nyumbani imegawanywa: hadi uniti 30 kwa mwezi, 30 hadi 100, na zaidi ya 100, na kadiri unavyotumia ndivyo kila uniti inavyokuwa ghali. Gari la kilomita 60 kwa siku linakula kama uniti 250 kwa mwezi, kwa hiyo litakutoa daraja la chini likupandishe la juu, pamoja na taa na friji yako. Kwangu uniti moja hucheza kati ya shilingi 25 na 30 baada ya makato yote. Siku ya Ruiru na Upper Hill ni shilingi 300 hivi. Gari langu la zamani la petroli lilikula lita nne na zaidi kwa safari hiyo, hesabu mwenyewe kwa bei ya leo ya kituo chako.

Usiku wa kwanza

Sijawahi kufunga na kuondoka hapo hapo. Tunachomeka, tunakunywa chai. Baada ya nusu saa napitisha mkono kwenye breka, kwenye maungio, kwenye plagi ya gari. Nabonyeza kitufe cha kujaribia, kila kitu kizime. Kisha nazima breka kuu nikijifanya Kenya Power, nahesabu dakika moja, nawasha. Magari mengine huendelea kuchaji yenyewe, mengine hukaa kimya yakikusubiri, na ni heri ujue lako ni lipi leo kuliko saa kumi na moja alfajiri ukiwa na safari ya uwanja wa ndege.

Mwisho naweka saa. Kati ya saa moja na saa tatu jioni kila jiko la Nairobi linawaka na volti zinachechemea. Kuchaji wakati huo ni kugombania matatu ya mwisho. Saa tano usiku mtaa umelala, volti zimesimama, na huko Olkaria, kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini, mvuke mwingine huachiwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Mzee wa Fedha tuliweka saa tano, ampea 25, kihisio kikilinda shawa. Alinipigia asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu.

"Fundi, limejaa."

"Na shawa?"

"Shawa nimeoga. Lakini taa bado zinafifia."

Zitaendelea kufifia, hiyo ni kazi nyingine. Waya wa shawa yake nao ni wa milimita 2.5, mwembamba, na nilishamwambia. Tumepanga niubadilishe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku hiyohiyo nitakayorudi kukaza skrubu za chaja, kwa sababu shaba ikipata moto na kupoa usiku thelathini hulegea kidogo, na mara ya kwanza lazima ikazwe kwa mkono.